Si kila maumivu ya mtoto mwenye selimundu ni selimundu

Ilikuwa siku ya pili ya mtoto huyo wodini. Alikuwa na miaka tisa, selimundu yake iligunduliwa kabla hajafikisha miaka miwili, na faili lake lilikuwa nene kuliko la mgonjwa yeyote pale. Nilikuwa kwenye mzunguko wa asubuhi na foleni ndefu ya vitanda mbele yangu. Nikasoma faili kabla ya kumtazama mwenye faili: selimundu, maumivu, dripu, dawa ya maumivu. Nikaandika aendelee na matibabu yaleyale, nikageukia kitanda kinachofuata.

“Samahani daktari,” mama yake akasema. “Haya maumivu si yale yake.”

Nikamuuliza si yale kivipi. Akaeleza polepole, kama mtu anayeogopa kuonekana mjuaji. Mwanaye akishikwa na maumivu ya selimundu huumwa miguu na kiuno, na hutaka akandwe. Safari hii hataki hata kuguswa. Maumivu yalianzia kitovuni, kisha yakahamia chini upande wa kulia. Ametapika mara tatu. Akipelekwa chooni anatembea ameinama, ameshika tumbo. “Na uji ameukataa, wakati huwa hata akiumwa vipi uji anakunywa.”

Nikamjibu kwamba selimundu inaweza kuuma popote, hata tumboni. Nilichosema ni kweli, na ndiyo maana kosa hili ni gumu kulikamata: limesimama juu ya jambo la kweli.

Mchana, muuguzi wa zamu alilibonyeza tumbo la mtoto taratibu, akaachia ghafla, mtoto akapiga kelele. Hakunisubiri mimi, alimpigia simu daktari wa upasuaji. Jioni ileile mtoto aliingizwa chumba cha upasuaji. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka na usaha umesambaa ndani. Alipona, lakini alikaa hospitali wiki tatu badala ya siku chache. Mama yake hakunilaumu hata siku moja, na hilo limenifanya nilikumbuke jambo lile kuliko kama angenigombeza mbele ya wodi nzima.

Nimelisimulia kwa sababu kosa lile si langu peke yangu, na wala halifanywi na madaktari tu.

Kivuli cha ugonjwa wa zamani

Mtu akishakuwa na ugonjwa wa kudumu, ugonjwa huo hutangulia kuingia chumba cha daktari kabla yake. Umeandikwa kwenye kadi, kwenye faili, wakati mwingine kwa herufi kubwa juu ya jalada. Analolalamikia siku hiyo linaelezwa haraka kwa kile kilichokwishaandikwa. Kichwa kinauma? Ni presha yake. Amekonda? Ni sukari yake. Haongei leo? Watoto kama hawa ndivyo walivyo. Maelezo yameshapatikana, basi uchunguzi unaishia hapo.

Mwaka 1982 mtafiti Steven Reiss na wenzake huko Chicago, Marekani, walionyesha jambo hili kwa njia rahisi. Waliwapa wanasaikolojia maelezo ya mtu mwenye hofu kubwa inayomharibia maisha. Hofu ilikuwa ileile, ila baadhi waliambiwa kwamba mtu huyo ana ulemavu wa akili. Waliopewa taarifa hiyo ya ziada walielekea kuiona hofu si tatizo la kutibiwa lenyewe. Ulemavu ulikuwa umeifunika. Tangu hapo wataalamu wameutazama mtego huu kwa wagonjwa wa aina nyingi, na jina walilolipa kwa Kiswahili tunaweza kusema ni kivuli: ugonjwa unaojulikana unasimama mbele, usiojulikana unabaki nyuma yake gizani.

Sisi Tanzania tumewahi kuishi chini ya kivuli kikubwa kuliko hicho, kivuli cha malaria. Kwa miaka mingi kila homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vingine, na mara nyingi hakuna aliyethibitisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa malaria kali katika hospitali za kaskazini mashariki mwa nchi. Damu yao ilipochunguzwa kwa uangalifu, chini ya nusu ndio waliokutwa na vimelea vya malaria. Waliobaki walikuwa na kitu kingine, na wengi wao hawakupewa dawa ya kitu hicho. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kutibiwa. Leo mzazi anayefika zahanati hutarajia mtoto atobolewe kidole. Tulibadilika, na inafaa kulikumbuka hilo mtu anapokwambia haya mambo hayabadiliki.

Mambo matano yanayofichwa na selimundu

Nirudi kwenye selimundu, kwa kuwa hapo ndipo wazazi wengi wanaosoma safu hii wanaponiuliza maswali. Chembe nyekundu za mtoto huyu hujikunja kama mundu, hukwama kwenye mishipa midogo, na sehemu iliyokosa damu huuma. Chembe hizo pia hufa mapema. Za mtu wa kawaida huishi siku kama 120, za mwenye selimundu huishi kati ya siku 10 na 20. Bandama, kiungo kinachosaidia kusafisha vijidudu kwenye damu, huharibika katika miaka ya mwanzo ya maisha. Ndiyo maana mtoto hupewa penisilini kila siku angalau mpaka afikishe miaka mitano.

Kutokana na haya matatu, kuna mambo ambayo mara kwa mara nimeona yakipewa jina la “maumivu yake ya kawaida” wakati si hayo.

La kwanza ni homa. Mtoto mwenye selimundu akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama anacheza. Usimpe panadoli ukasubiri kuone. Bandama yake haifanyi kazi vizuri, na bakteria wanaoingia kwenye damu wanaweza kumwangusha ndani ya saa chache. Hata kipimo cha malaria kikisoma chanya, bado daktari ana sababu ya kufikiria maambukizi mengine, kwa kuwa mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

La pili ni mfupa. Maumivu ya selimundu mara nyingi huhama au hushika sehemu kadhaa, na baada ya siku chache hulegea. Mtoto anayeumwa sehemu moja tu, ikavimba, ikawa ya moto, na homa ikakataa kushuka licha ya dripu na dawa za maumivu, huenda ana usaha ndani ya mfupa. Watoto wenye selimundu hupata maambukizi haya kuliko wengine, mara nyingi kutokana na bakteria wa jamii ya wale wa homa ya matumbo. Huyu anahitaji antibiotiki kwa wiki kadhaa, na wakati mwingine upasuaji. Dawa ya maumivu peke yake inamchelewesha.

La tatu ni kifua. Mtoto amelazwa kwa maumivu ya mgongo, siku ya pili anaanza kukohoa, anapumua harakaharaka, mbavu zinamuuma akivuta pumzi. Hii inatokana na selimundu yenyewe, lakini si maumivu ya kawaida. Ni hatari kubwa inayohitaji oksijeni, picha ya eksirei, antibiotiki na mara nyingine kuongezwa damu. Kwa hiyo hata pale ambapo ugonjwa wa zamani ndiye mkosaji kweli, neno “selimundu” bado halijamaliza jibu.

La nne ni macho ya manjano. Wazazi wameyazoea na walimu wameyazoea, hata watoto wenzake wameshampa jina la utani. Lakini chembe zinazokufa kila siku huacha taka inayoweza kuganda kuwa mawe kwenye mfuko wa nyongo. Macho yakizidi umanjano kuliko siku zote, na maumivu yakaja juu upande wa kulia wa tumbo, hasa baada ya chakula cha mafuta, omba altrasaundi.

Na la tano, ambalo nalitaja haraka kwa sababu halina mjadala: udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda, maneno kuvurugika. Hicho ni kiharusi, na watoto wenye selimundu hukipata wakiwa wadogo. Nimewaona waliocheleweshwa nyumbani siku mbili kwa imani kwamba ni upepo mbaya.

Kidole tumbo hakimo kwenye orodha hiyo kwa makusudi. Hicho hakihusiani na selimundu hata kidogo. Mtoto mwenye selimundu ni mtoto kama wengine: anaweza kupata kidole tumbo, kumeza shilingi, kuvunjika mkono akicheza mpira, kupata minyoo, na kuogopa mtihani mpaka tumbo likamuuma.

Watoto wasioweza kusema

Yule mama alikuwa na bahati moja. Mwanaye aliweza kuonyesha kwa kidole panapouma. Kuna watoto wasioweza.

Mtoto mwenye usonji asiyezungumza anaanza ghafla kujipiga kichwa upande mmoja. Nyumbani wanasema usonji umezidi. Huenda umezidi, lakini kabla ya kufika huko mtu amtazame sikio, amfunue mdomo atazame meno, aulize ni lini alipata choo mara ya mwisho. Sikio lenye usaha, jino lililooza na choo kigumu cha wiki nzima vinaweza kumfanya mtoto yeyote ajipige, na kwa huyu ndiyo lugha pekee aliyonayo. Kipimo changu ni neno “ghafla”. Tabia iliyobadilika ndani ya siku au wiki ina sababu mpya mpaka ionekane vinginevyo.

Watoto wenye hali ya Down, iliyopewa jina la daktari Mwingereza John Langdon Down aliyeieleza mwaka 1866, hufunikwa kwa namna nyingine, ya upole zaidi. Husemwa ni wapole, wazito, wanapenda kulala. Lakini watoto hawa hupata upungufu wa homoni ya tezi ya shingo mara nyingi kuliko watoto wengine, na dalili zake ni hizohizo: uzito wa kufanya mambo, usingizi, kunenepa, kukosa choo, ngozi kukauka. Kipimo cha damu hujibu swali hilo, na kinapaswa kurudiwa karibu kila mwaka hata kama mtoto anaonekana mzima. Tiba ni kidonge kimoja kwa siku. Karibu nusu yao huzaliwa na tatizo la moyo, na wengi hawasikii vizuri. Mtoto asiyesikia huonekana hana akili kuliko alivyo, na anaanza kutendewa hivyo.

Kwa mtoto mwenye kifafa sheria yangu ni fupi. Degedege likija pamoja na homa, au shingo ikakakamaa, au mtoto asizinduke kama anavyozinduka siku zote, usiseme ni kifafa chake. Inaweza kuwa malaria ya kichwani au homa ya uti wa mgongo.

Hata watu wazima

Watu wazima nao wamo. Mzee mwenye vidonda vya tumbo vya miaka kumi anapata maumivu ya chembe ya moyo, jasho jembamba linamtoka, anapewa maziwa na dawa ya asidi. Kumbe ni shambulio la moyo. Mwenye kisukari anakonda na kutoka jasho usiku, anaongezewa dawa ya sukari, wakati kisukari chenyewe huongeza mara mbili au tatu hatari ya kupata kifua kikuu. Wanaoonewa kuliko wote ni wagonjwa wa akili. Watu wenye magonjwa makali ya akili hufa mapema kwa miaka 10 hadi 20 kuliko wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokana na magonjwa ya mwili yanayotibika. Mgonjwa akisema kuna kitu kinatembea tumboni, hakuna anayemsogelea kumpapasa.

Useme nini mbele ya daktari

Wapo wazazi wanaoondoka hapa wakiwa na wazo baya: kwamba wafiche ugonjwa wa zamani ili mtoto achunguzwe upya. Usifanye hivyo kamwe. Mtoto yule wa kidole tumbo asingeweza kupelekwa kwenye upasuaji salama bila wahusika kujua ana selimundu, kwa kuwa kabla ya nusukaputi alihitaji maji, oksijeni na damu iliyoandaliwa. Ugonjwa wa zamani lazima utajwe. Kinachotakiwa ni usiwe wa kwanza na wa mwisho.

Anza na kilichokuleta leo. Badala ya “Daktari, ana selimundu na anaumwa,” sema, “Tumbo linamuuma tangu jana jioni, ametapika mara tatu, na pia ana selimundu.” Mpangilio huo wa maneno unabadilisha kitu ndani ya kichwa cha msikilizaji, niamini, nimekaa upande huo wa meza. Kisha sema tofauti: siku nyingine huwa hivi, safari hii iko hivi.

Ukiona unajibiwa haraka, lipo swali moja ambalo halimvunjii mtu heshima: “Daktari, kama mtoto huyu asingekuwa na selimundu, ungefikiria nini?” Mimi niliwahi kuulizwa swali hilo na bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake, nikakaa kimya sekunde kadhaa, kisha nikamrudisha mtoto kitandani nimpime upya. La kuongeza ni kuuliza lini mrudi endapo dawa haitasaidia. Daktari aliyekwambia “ni kawaida yake” anapaswa pia kukwambia kwa saa ngapi kawaida hiyo inatarajiwa kuendelea.

Najua si kila mahali swali linapokelewa vizuri. Kuna mtoa huduma atakayekujibu kwa ukali, hasa zamu ya usiku akiwa peke yake na wagonjwa arobaini. Muulize tena kwa upole, au mwite muuguzi. Wauguzi huona mgonjwa saa nyingi kuliko sisi.

Daftari

Mzazi anajua mengi, na lipo la kulithibitisha hilo. Huko Jamaica, daktari Graham Serjeant na wenzake mjini Kingston waliwafundisha akina mama kupapasa tumbo la mtoto mwenye selimundu na kuhisi ukubwa wa bandama. Ikivimba ghafla, maana yake damu imekusanyika humo, na mtoto anaweza kufa siku hiyohiyo. Akina mama walijifunza, wakawa wanawahi hospitali, na vifo vya aina hiyo vikapungua sana. Mwombe mhudumu wa kliniki akufundishe. Ni somo la dakika tano.

Andika pia HB ya mtoto akiwa mzima. Watoto wengi wenye selimundu huishi na HB ya 7 au 8 bila shida. Mwenye kawaida ya 7.5 akipimwa akaonekana 7.5, hajaishiwa damu, na kukimbilia kumwongeza kunaweza kumletea madhara. Lakini mwenye kawaida ya 9 akishuka hadi 6, kuna kinachoendelea, na daktari mgeni hawezi kulijua hilo bila wewe.

Yule mama siku hizi huja kliniki na daftari la kaunta lenye jalada la nailoni. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa kalamu nyekundu: HB ya kawaida 7.8. Maumivu yake ni miguu na kiuno. Ameshatolewa kidole tumbo. Dawa anazotumia, na tarehe alizoongezwa damu. Mara ya mwisho walipokuja kijana alikuwa anakohoa. Nilimsikiliza kifua mbele na nyuma, nikampima oksijeni na joto, nikamtazama koo na kuuliza kama nyumbani kuna mwingine anayekohoa. Yupo, mdogo wake, tangu Jumapili. Yalikuwa mafua.